Kuifikia seva ya Git kwa usalama ukiwa mbali: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Laptopu ya mwenzenu mmoja ikiibwa sasa hivi, itawachukua dakika ngapi kumfungia mwizi mlango wa seva ya msimbo, huku wengine wakiendelea na kazi bila hata kujua kuna kilichotokea? Ninapoombwa kuikagua seva ya Git, programu inayotunza msimbo na historia yake, huwa naanza na swali hilo. Mambo mengine yote yaliyomo humu, kuanzia funguo na fayawoli hadi mipangilio ya SSH (njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali), yanalenga kulijibu.

Niliujua uzito wa swali hilo kwa kuumia. Timu moja niliyofanya nayo kazi ilikuwa na ufunguo mmoja wa SSH kwa watu wote. Uliwekwa kwenye kundi la gumzo siku mradi ulipoanza, na kila mgeni akaelekezwa akaufukue huko kwenye ujumbe wa zamani. Mwenzetu mmoja alipoondoka, tena kwa amani kabisa, tukagundua kwamba hatuwezi kumtoa yeye bila kujitoa sote. Tulipobadilisha ufunguo, roboti ya majaribio ikagoma, seva ya uzalishaji ikashindwa kuvuta msimbo, na kwa siku mbili hakuna aliyeandika hata mstari mmoja wa maana.

Mwongozo huu unachukulia kwamba seva ni yenu wenyewe, inatumia Debian au Ubuntu, na wewe una akaunti ya msimamizi yenye sudo (ruhusa ya kuendesha amri kwa mamlaka kamili), ambayo tayari unaingia kwayo kwa ufunguo. Upande wa watumiaji, Linux, macOS na Windows 10 kwenda juu zote zina amri za SSH nitakazotumia.

Kwanza hesabu milango

Kabla ya kufunga chochote, jua nini kiko wazi. Ingia kwenye seva uandike:

```
sudo ss -tlnp
```

Utaona kila programu inayosubiri wageni na namba ya mlango wake. 22 ni SSH. Ukikuta 9418, hiyo ni huduma ya git:// ambayo haisimbi data wala haimtambui mtu. GitHub wenyewe, tovuti kubwa ya kuhifadhi msimbo, waliizima Machi 2022. 3690 ni svnserve ya Subversion, mfumo mwingine wa kutunza msimbo, nayo kwa kawaida hupitisha data bila kuisimba. Zote mbili hazina kazi kwenye intaneti ya wazi. Zizime, na walio bado na Subversion wahamie svn+ssh.

Ukikuta 80 au 443, simama hapo uulize: je, kuna njia ya kusukuma msimbo kwa HTTPS? Inaingiwa kwa nini? Mradi wa PHP, lugha ya kuandikia programu, ulilipata somo hili hadharani. Tarehe 28 Machi 2021 komiti mbili (mabadiliko yaliyohifadhiwa kwenye Git) zenye mlango wa siri ziliingizwa kwenye msimbo wa PHP zikiwa na majina ya wasanidi wake Rasmus Lerdorf na Nikita Popov, ambao hawakuziandika. Bahati njema zilionekana mapema, kabla ya kutoka kwenye toleo lolote. Baadaye ilielezwa kwamba seva yao ilipokea msimbo kwa SSH yenye funguo, lakini ilikubali pia HTTPS yenye nywila, kwa njia iliyokuwa kando kabisa na mfumo ule wa funguo. Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli imara, na wa uani ulifungwa kwa kamba. Kwa hiyo chagua mlango mmoja. Humu tunachagua SSH.

Akaunti ya git isiyo na sheli

Watu wote wataingia kwa akaunti moja inayoitwa git, lakini kila mmoja kwa ufunguo wake. Akaunti hiyo haipewi sheli ya kawaida, ile programu ya kuandikia amri zozote. Inapewa git-shell, ambayo inajua kusukuma na kuvuta tu.

```
sudo apt install git openssh-server
sudo adduser --system --group --home /srv/git \
     --shell /usr/bin/git-shell git
sudo -H -u git git init --bare /srv/git/mradi.git
```

Hazina ya msimbo, ile wengi tunayoiita repo, sasa iko tayari. Kabla hujaendelea, iwekee kinga hizi:

```
sudo -H -u git git config --global receive.denyNonFastForwards true
sudo -H -u git git config --global receive.denyDeletes true
sudo -H -u git git config --global receive.fsckObjects true
sudo -H -u git git config --global core.logAllRefUpdates true
```

Ya kwanza na ya pili zinamzuia mtu kufuta historia au tawi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya hazina) akiwa mbali, ya tatu inaikagua data inayoingia. Ya nne watu huisahau: hazina za aina ya bare, kama hii yetu ya kwenye seva, kwa kawaida haziweki kumbukumbu ya lini tawi lilisogezwa na lilitoka wapi. Siku ya matatizo utaitafuta kumbukumbu hiyo kuliko kitu kingine chochote.

Funguo: mtu mmoja, mashine moja, ufunguo mmoja

Kila mtu atengeneze ufunguo wake kwenye mashine yake mwenyewe. Msimamizi hatengenezi funguo kisha akazigawa, kwa sababu ufunguo wa siri uliokwisha kusafiri si wa siri tena.

```
ssh-keygen -t ed25519 -a 100 -f ~/.ssh/git_kazi -C "msanidi1-laptopu"
```

Aina ya ed25519 ni fupi, imara na ya haraka. Maneno ya mwisho ni lebo tu, lakini iandike vizuri: nani, na mashine gani. Mtu mwenye laptopu na kompyuta ya mezani awe na funguo mbili. Hapo laptopu ikipotea, unaufuta mstari mmoja na yeye mwenyewe anaendelea kufanya kazi kwenye ile ya mezani.

Utaulizwa kaulisiri. Usibonyeze Enter ukaipita. Bila kaulisiri, anayelishika faili la ufunguo ameshaingia. Ikiwepo, na ikiwa ndefu, mwizi ana kazi ya kuivunja na ninyi mna muda wa kuamka. Ile `-a 100` inafanya kila jaribio la kuikisia liwe zito zaidi. Ili usiiandike kila dakika, mpe wakala (programu ya ssh-agent kwenye mashine yako) aukumbuke ufunguo kwa saa chache:

```
ssh-add -t 4h ~/.ssh/git_kazi
```

Wanaogusa msimbo nyeti wapande ngazi moja zaidi: ufunguo wa maunzi, kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye USB. Toka toleo la 8.2 la OpenSSH, programu ya SSH tunayoitumia humu, la mwaka 2020 unaweza kuandika `ssh-keygen -t ed25519-sk`, na kuanzia hapo hakuna kuingia bila kidole kukigusa kifaa hicho. Mwizi akinakili mafaili yote ya laptopu, bado hana ufunguo.

Faili lenye kiambishi `.pub` tu ndilo linalotumwa kwa msimamizi. Hilo halina siri, lakini hakikisha kweli limetoka kwa mwenyewe. Mpigie simu akusomee alama ya kidole ya ufunguo wake (maandishi mafupi yanayoutambulisha), anayoipata kwa `ssh-keygen -lf ~/.ssh/git_kazi.pub`.

Daftari la funguo

Mazoea ni kuweka funguo kwenye `.ssh/authorized_keys` ndani ya folda ya akaunti yenyewe. Mimi sipendi kwa akaunti ya git. Hati zinazoendeshwa na hazina baada ya msimbo kusukumwa hufanya kazi kwa jina la git, na hati moja yenye kasoro inaweza kuliandika upya daftari hilo. Liwe mali ya root, akaunti kuu ya seva:

```
sudo install -d -m 755 /etc/ssh/funguo
sudo nano /etc/ssh/funguo/git
sudo chmod 644 /etc/ssh/funguo/git
```

Ndani yake, kila ufunguo uwe na mstari wake:

```
restrict ssh-ed25519 AAAA... msanidi1-laptopu
restrict ssh-ed25519 AAAA... msanidi1-mezani
restrict,expiry-time="20271231" ssh-ed25519 AAAA... wa-mkataba-laptopu
restrict,command="git-upload-pack '/srv/git/mradi.git'" ssh-ed25519 AAAA... roboti-ya-majaribio
```

Neno `restrict` linanyima kila kisichohitajika: kupitisha milango mingine, kupitisha wakala, teminali. `expiry-time` inaufisha ufunguo wenyewe siku mkataba unapoisha, hata kama kila mtu amesahau. Na mstari wa mwisho ndio ninaoupenda zaidi. Roboti ya majaribio inahitaji kusoma tu, tena hazina moja tu. Kwa kuilazimishia amri ya git-upload-pack, ambayo upande wa seva ndiyo inayotoa msimbo, ufunguo wake hauwezi kusukuma chochote wala kuchungulia hazina nyingine, hata aliyeuiba aombe vipi.

Mpango huu unampa kila mtu asiye na amri maalumu haki ya kusoma na kuandika hazina zote za akaunti ya git. Mkihitaji kuwagawia watu haki tofauti kwa kila hazina, wekeni Gitolite, ambayo inatumia ujanja huuhuu wa amri ya kulazimishwa, au Forgejo au Gitea mkitaka na kurasa za kivinjari. Msiandike mfumo wenu wenyewe.

Kukaza SSH bila kujifungia nje

Hapa ndipo watu hujifungia nje ya seva yao wenyewe. Fungua teminali ya pili, ingia kama msimamizi, iache hapo. Usiifunge mpaka mwisho wa hatua hii. Kisha tengeneza faili `/etc/ssh/sshd_config.d/00-git.conf`:

```
PermitRootLogin no
PasswordAuthentication no
KbdInteractiveAuthentication no
AllowUsers git msimamizi

Match User git
    AuthorizedKeysFile /etc/ssh/funguo/%u
    AllowTcpForwarding no
    AllowAgentForwarding no
    X11Forwarding no
    PermitTTY no
```

Weka jina la akaunti yako halisi mahali pa `msimamizi`. Ukikosea jina hilo, hutaingia tena.

Namba 00 mwanzoni mwa jina la faili ina sababu yake. SSH inasoma mafaili ya folda hiyo kwa mpangilio wa majina, na kwa mipangilio mingi thamani ya kwanza kusomwa ndiyo inayoshika. Seva nyingi za kukodi huja na faili la `50-cloud-init.conf` lenye mstari wa `PasswordAuthentication yes`. Nimeona msimamizi aliyeandika "no" kwenye faili kuu, akafurahi, akalala, huku seva ikiendelea kupokea nywila kwa miezi kwa sababu faili lile dogo lilisomwa kabla. Kwa hiyo usiamini ulichoandika. Iulize seva yenyewe inaamini nini:

```
sudo sshd -t
sudo systemctl reload ssh
sudo sshd -T -C user=git,host=laptopu,addr=10.8.0.2 | grep -Ei 'password|kbd|keysfile|forward'
```

Ya kwanza inakagua makosa ya uandishi na hunyamaza mambo yakiwa sawa. Ya tatu inatoa mipangilio inayotumika kweli kwa mtu huyo. Tafuta `passwordauthentication no` na `authorizedkeysfile /etc/ssh/funguo/%u`. Ukiviona, fungua teminali ya tatu ujaribu kuingia upya kama msimamizi. Ukiingia, sasa unaweza kuifunga ile ya akiba.

Kuna wanaoshauri kuhamisha SSH kutoka 22 kwenda namba nyingine. Inapunguza kelele kwenye kumbukumbu, maana roboti za mtandaoni hubisha hodi 22 usiku na mchana, lakini usiihesabu kuwa ni kinga.

Seva nayo ijitambulishe

Tumeshughulika na seva kumjua mtu. Nusu ya pili ya kazi, mtu kuijua seva, huachwa karibu kila mahali. Mara ya kwanza unapounganisha, SSH inakuonyesha alama ya kidole ya seva na kuuliza kama uendelee. Watu huandika "yes" kabla hawajamaliza kusoma. Ikiwa kuna mtu kati yako na seva, umemkaribisha mwenyewe.

Msimamizi, ukiwa kwenye kioo cha seva chenyewe, toa alama yake:

```
ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub
```

Wape wenzako mstari huo kwa njia nyingine isiyo seva hiyohiyo. Wanapoulizwa, badala ya "yes" wabandike alama yenyewe, ile inayoanza na `SHA256:`. Matoleo mapya ya OpenSSH yanakubali hilo, na yatakataa kuendelea kama hazilingani. Kompyuta inalinganisha kwa usahihi kuliko macho yaliyochoka.

Siku utakapoona maandishi makubwa ya `REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED!`, usikimbilie `ssh-keygen -R`. Uliza kwanza. Mara nyingi seva imewekwa upya tu, lakini si kila mara. Machi 2023 GitHub walilazimika kubadilisha ufunguo wao wa RSA baada ya ule wa siri kuonekana kwa muda mfupi kwenye hazina ya wazi, na waliokuwa wakiutumia ufunguo huo wakaliona onyo hili. Aliyefanya sawasawa alisimama, akaisoma alama mpya kwenye tovuti yao, akalinganisha, ndipo akaufuta ufunguo wa zamani.

Mipangilio ya upande wa mtumiaji

Kwenye `~/.ssh/config` ya kila mtu:

```
Host git-kazi
    HostName 10.8.0.1
    User git
    IdentityFile ~/.ssh/git_kazi
    IdentitiesOnly yes
    ForwardAgent no
```

Usiuache mstari wa `IdentitiesOnly`. Bila huo, SSH hujaribu kila ufunguo ulio kwa wakala, na seva kwa kawaida huvumilia majaribio sita. Mwenye funguo nyingi hufukuzwa kwa `Too many authentication failures` kabla zamu ya ufunguo sahihi haijafika, kisha anadhani seva imeharibika.

Anuani ya 10.8.0.1 hapo juu ni ya ndani ya VPN, mtandao binafsi uliosimbwa, nitaifikia punde. Kama mnapita kwenye seva ya kati, tumieni `ProxyJump` na kamwe msitumie `ForwardAgent yes`, kwa sababu mwenye mamlaka ya root kwenye seva ya kati anaweza kumtumia wakala wako kuingia kokote kwa jina lako.

Baada ya VPN kuwaka, jaribu kuingia kwa mkono:

```
ssh git-kazi
```

Ukiona `fatal: Interactive git shell is not enabled.` na muunganisho ukakatika, furahi. Ufunguo umekubaliwa, na sheli imenyimwa. Sasa `git clone git-kazi:mradi.git` itafanya kazi.

WireGuard mbele ya mlango

Kufunga mlango ni vizuri. Mlango usioonekana kabisa ni bora zaidi. WireGuard, programu ya VPN iliyoingia kwenye kiini cha Linux 5.6 mwaka 2020, haimjibu asiye na ufunguo. Anayeipekua seva yako haoni kitu. Kwenye `/etc/wireguard/wg0.conf` ya seva:

```
[Interface]
Address = 10.8.0.1/24
ListenPort = 51820
PrivateKey = UFUNGUO_WA_SIRI_WA_SEVA

[Peer]
# msanidi1-laptopu
PublicKey = UFUNGUO_WA_WAZI_WA_LAPTOPU
AllowedIPs = 10.8.0.2/32
```

Funguo hutengenezwa kwa `wg genkey` na `wg pubkey`, na kanuni ni ileile: kila mashine na wake, kila mmoja na lebo. Iwashe kwa `sudo systemctl enable --now wg-quick@wg0`. Hakikisha umeshaingia SSH kupitia 10.8.0.1, na kwamba unajua kuifikia seva kwa konsoli ya mtoa huduma mambo yakiharibika. Ndipo ufunge nje:

```
sudo ufw default deny incoming
sudo ufw allow 51820/udp
sudo ufw allow in on wg0 to any port 22 proto tcp
sudo ufw enable
```

Kama ulikuwa na kanuni ya zamani ya ufw inayoruhusu 22 kwa wote, ifute. Amri ya `sudo ufw status numbered` itakuonyesha.

Hata hivyo, VPN haichukui nafasi ya yaliyotangulia. Siku OpenSSH yenyewe inapopatikana na kasoro, kama ile yenye namba CVE-2024-6387 iliyotangazwa Julai 2024, walio nyuma ya VPN hupata nafasi ya kusasisha bila jasho. Lakini wanasasisha, siku hiyohiyo.

Nani aliandika, na nani alisukuma

Jina lililo kwenye komiti si ushahidi. Yeyote anaweza kuandika `git config user.name` na jina analotaka, na ndivyo majina ya watu wa PHP yalivyotumika. Toka Git 2.34 unaweza kutia saini komiti kwa ufunguo uleule wa SSH:

```
git config --global gpg.format ssh
git config --global user.signingkey ~/.ssh/git_kazi.pub
git config --global commit.gpgsign true
```

Wanaohakiki waweke orodha ya saini zinazoaminika kwenye faili, wakilitaja kwa `gpg.ssh.allowedSignersFile`, kisha `git log --show-signature` itawaambia ukweli. Saini inamtambulisha aliyeandika. Aliyesukuma anapatikana kwenye kumbukumbu za SSH, ambazo kila anayeingia zinaandika alama ya ufunguo wake.

Zoezi la laptopu iliyoibwa

Fanyeni zoezi hili sasa, mkiwa watulivu. Mwenzenu mmoja atangaze kwamba laptopu yake imeibwa, na mtu aanze kuhesabu muda. Msimamizi anafuta mstari wa laptopu hiyo kwenye `/etc/ssh/funguo/git`. Hakuna haja ya kuwasha upya chochote, kwa kuwa SSH inalisoma daftari kila mtu anapoingia. Halafu anaitoa kwenye VPN na kuufuta pia mstari wake kwenye `wg0.conf`:

```
sudo wg set wg0 peer UFUNGUO_WA_WAZI_WA_LAPTOPU remove
sudo pkill -KILL -u git
```

Amri ya pili ndiyo wengi hawaijui. Kufuta ufunguo hakumkati aliyekwisha kuingia. Anaendelea hadi atoke mwenyewe. Amri hiyo inakata miunganisho yote ya akaunti ya git, na wenzako watalazimika kurudia tu lile jaribio la kusukuma lililokatika. Laptopu ya zoezi ijaribu sasa, kwanza ikiwa nje ya VPN, kisha urudishe peer (yaani laptopu hiyo kwenye WireGuard) kwa muda ili uone kama SSH peke yake inaikataa. Jibu unalolitaka ni `Permission denied (publickey)`. Mkishaliona, peer itolewe tena.

Mwisho, angalia kama ufunguo ule ulitumika baada ya saa ya wizi:

```
sudo journalctl -u ssh --since "2 days ago" | grep 'SHA256:ALAMA_YA_UFUNGUO'
sudo -H -u git git -C /srv/git/mradi.git reflog show --date=iso main
```

Ya kwanza inakupa saa ambazo ufunguo uliingia, ya pili saa ambazo tawi lilisogezwa. Ziweke sambamba. Saa zinapokutana baada ya wizi, komiti zilizoingia hapo zisomwe mstari kwa mstari kabla mtu yeyote hajavuta msimbo tena.